Karatasi ya Shangingi la Mjomba

Mkuti, Masasi
12 Desemba 2024

Bibiana,

Sijui kusoma Kiingereza. Naanza na hilo kabla ya salamu, kwa sababu nikianza na salamu nitaijaza karatasi nikikuuliza habari za Ndanda, kisha nitatia sahihi bila kulisema. Hakuna mwingine niliyemwambia. Wewe unajua nusu yake, maana miaka minne nilikaa nyuma yako nikinakili, lakini hata wewe ulidhani ninaelewa kidogo. Sielewi. Natambua maneno mawili matatu tu, kama mtu anayezitambua sura za watu stendi bila kuyajua majina yao.

Sasa nikueleze nilichofanya.

Mjomba Mrisho amenunua shangingi. Ni lile gari kubwa la waheshimiwa, jeusi, viti vya ngozi, na katikati ya viti vya mbele lina kifriji. Lilikuwa la mradi mmoja wa maji uliokwisha, na aliyekuwa akiliuza ni Bwana Amon, mtu wa Moshi, aliyekuwa msimamizi wa magari ya mradi. Korosho zote za msimu huu zimeingia humo: za Mjomba, za Mama na za Mama mdogo. Wanasema litakodishwa kwa harusi na kwa wageni wa serikali, tena litapanda mlima wowote, hata wenye tope. Hasa mlima ndio uliomfanya Mjomba alitake. Mwezi huu wadogo zangu wawili, watoto wa Mama mdogo, wanatoka jandoni kijijini kwa Bibi, Newala. Kwetu mtoto hatolewi jandoni na baba yake, hutolewa na mjomba, na siku hiyo hakanyagi chini mpaka afike uwanja wa nyumbani. Mjomba amesema mwaka huu watoto hawatabebwa mabegani. Watapanda mlima ndani ya ubaridi, vioo vimefungwa.

Siku ya kununua tulikaa sebuleni kwetu. Bwana Amon akatoa karatasi mbili zilizobanwa pamoja, Kiingereza kitupu, akasema, "Mzee, hali yote ya gari imeandikwa humu. Someni kwanza, tusije tukalaumiana."

Mjomba akajipapasa mfuko wa shati. "Miwani nimeisahau shambani Chiwata," akasema. Kisha akaniita kutoka jikoni. "Msomi wetu huyu hapa! Juzi tu kamaliza kidato cha nne. Mwanaheri, njoo utusomee."

Ningeweza kusema sielewi. Ni neno moja tu. Lakini wote walikuwa wananitazama, na Mama alikuwa ameacha kupepeta mchele ili anione nikisoma. Nikaishika karatasi, nikaanza kupitisha macho polepole. Niliona neno la matairi. Niliona neno la nzuri, mara mbili. Nikageuza ukurasa pale nilipohisi wakati wa kugeuza umefika. Nilihesabu moyoni mpaka sitini, nikainua kichwa, nikasema, "Iko sawa, Mjomba."

"Yote?"

"Yote."

Mama alipiga kigelegele pale pale na ungo mkononi. Bwana Amon alinitazama kidogo, kisha akasema, "Kama mmeridhika, mimi sina neno." Mjomba akanirudishia karatasi niitunze pamoja na vyeti vyangu, kwa kuwa mimi ndiye ninayeijua.

Baadaye kaka yako Anselmo aliitwa kutoka gereji kulikagua. Alitaka kulala chini aangalie tumboni mwa gari, Mjomba akamzuia. "Utachafua shati bure, kijana. Karatasi imeshasomwa. Wewe sikiliza injini." Akasikiliza, akasema injini ni safi. Kwa hiyo labda hakuna ubaya. Labda karatasi inasema mambo mazuri matupu. Lakini kila anayekuja kumpongeza Mjomba anaambiwa, "Ni huyu mtoto aliyenisomea," nami nakimbilia jikoni kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa.

Barua hii atakuletea Mama Furaha akija kuuza dagaa huko Ndanda. Nakuomba usimwambie mtu.

Wako,
Mwanaheri


Ndanda
19 Desemba 2024

Mwanaheri wangu,

Nimeisoma barua yako mara mbili, ya pili nikiwa chooni, maana huku mahali pa kuwa peke yako ni hapo tu. Usiogope, Sista mlezi hafungui barua. Anauliza tu imetoka kwa nani, na nikimtajia jina lako anacheka, kwa sababu nilimwambia wewe ndiye Mwislamu uliyekuwa ukinikumbusha kwenda misa.

Tuko wasichana tisa tunaojaribu usista. Simu tuliziacha makwetu. Wengine wamepangiwa bustani, wengine jikoni, mimi nimepangiwa nguruwe. Cheka umalize, kisha uendelee kusoma.

Kuhusu jambo lako. Kwanza, kosa ni letu sote wawili. Kila jaribio la Kiingereza nilisogeza mkono pembeni ili uone karatasi yangu. Nilidhani huko ndiko kukupenda. Ningekuwa nakupenda kweli ningekaa nawe chini ya ngazi za maktaba nikufundishe.

Pili, niletee hiyo karatasi. Mpe Mama Furaha. Nitaisoma siku hiyohiyo na kukuandikia kila mstari kwa Kiswahili. Ikiwa ni njema, utalala usingizi. Ikiwa ni mbaya, Mjomba wako atajua mapema, gari likiwa bado liko barazani na halijauona mlima. Hakuna atakayejua kwamba nimesoma mimi.

Kama Anselmo amesema injini ni safi, basi ni safi. Yule akisikia pikipiki inapita nje hata mahubiri yanampotea. Msalimie, na umwambie asisahau dawa za presha za Mama, maana Mama mwenyewe hukaa kimya zikiisha.

Ilete kabla ya Krismasi.

Bibiana


Mkuti, Masasi
30 Desemba 2024

Kwa Bibiana,

Salamu nyingi zikufikie popote ulipo. Sisi huku hatujambo. Heri ya Krismasi iliyopita na mwaka mpya unaokuja. Mvua zinanyesha vizuri.

Ile karatasi nimeipoteza. Nadhani ilichanganyika na karatasi za shule tulizowashia moto jikoni. Kwa hiyo usihangaike nayo tena.

Watoto wametoka jandoni salama. Walivaa mashati meupe na miwani ya jua. Bibi alicheza mpaka kiuno kikamuuma. Gari lilipata shida kidogo ya tope, kama magari mengine tu.

Kaka Anselmo sijamwona siku nyingi.

Sina zaidi. Usihangaike kunijibu upesi, najua mna kazi.

Ni mimi,
Mwanaheri


Ndanda
9 Januari 2025

Mwanaheri,

Jumapili ilikuwa siku ya wageni, na Mama alikuja. Amekonda mpaka pete inamtoka kidoleni.

Kumbe Anselmo amefukuzwa gereji. Mjomba wako anasema ameiba propela ya shangingi, kile chuma kirefu kinachopeleka nguvu kwenye magurudumu ya mbele. Anasema ameiiba katika zile siku tatu gari lilipolala gereji likirekebishwa ubaridi kabla ya safari ya Newala. Anasema karatasi ya manunuzi ilisomwa na kila kitu kilikuwepo. Amempa mpaka Jumamosi, tarehe ishirini na tano, awe ameirudisha, la sivyo anakwenda polisi. Gulioni Chiwata mwanamke mmoja alivuta kapu lake karibu Mama alipokaa jirani naye. Akasema, "Samahani Mama Anselmo, siku hizi hatujuani."

Mama aliniuliza, "Wewe na rafiki yako mnaandikiana. Hakukwambia?" Nikasema labda hukuwepo. Nilikutetea, Mwanaheri, kisha Mama alipoondoka nikakumbuka kwamba ulikuwepo. Uliniandikia Bibi alicheza mpaka kiuno kikamuuma.

Sikulaumu. Najua mbele ya watu wengi ulimi wako unakauka. Uliwahi kukaa kipindi kizima umebanwa na mkojo kwa kuogopa kunyoosha mkono. Lakini nakuomba kitu kimoja. Itafute ile karatasi. Fukua majivu ikibidi. Kama ina neno lolote kuhusu hiyo propela, ndiyo itakayomtoa kaka yangu.

Nami sielewi jambo moja. Umri wote huo, miaka yote ya vikao vya chama cha korosho, Mjomba wako alishindwaje kuisoma mwenyewe? Sijui kama nitaweza kumsalimia tena.

Niombee.

Bibiana


Mkuti, Masasi
13 Januari 2025

Bibiana,

Karatasi sikuipoteza. Iko ndani ya bahasha hii. Ilikuwa katikati ya cheti changu cha ubatizo wa kidunia, yaani cha kuzaliwa, na kile cha darasa la saba. Haikukaribia moto hata siku moja. Najaribu kutania.

Nakueleza sasa yale niliyoyaruka.

Kutoka Masasi mpaka pale tulipoiacha barabara kubwa, gari lilikwenda kama linaelea. Chini ya mlima tuliwachukua Bibi na watoto jandoni; watoto walikaa kiti cha nyuma, wamepakwa mafuta, mimi na Bibi katikati yao. Bibi alikuwa ameweka tumbaku yake ya kunusa ndani ya kifriji, anasema nayo ipumzike kama mheshimiwa. Anselmo alitufuata na pikipiki, kwa kuwa Mjomba alimwalika sherehe. Njia ya kijijini ni udongo mwekundu, na mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi. Akina mama wakatangulia mbele ya gari wakiimba na kumsifu Mjomba, ngoma zikafuata nyuma.

Nusu ya mlima magurudumu ya nyuma yakaanza kuzunguka palepale. Mjomba akavuta ile gia ndogo ya kuamsha magurudumu yote manne. Hapakuwa na badiliko. Akavuta tena. Gari likarudi kinyumenyume, polepole, likakaa mtaroni. Bodaboda wakaanza kutupita mmoja mmoja. Mmoja akapunguza mwendo, akagonga kioo, akauliza, "Mheshimiwa, nikupe lifti?"

Wale mama wakageuka. Unawajua mama wa kwetu siku ya ngoma, hawaogopi mtu. Wimbo wa sifa ukakatika, wakaanza mwingine papo hapo:

Lina ubaridi, lina ngozi,
tope la Newala halitaki mapozi!

Watoto wakachukuliwa mabegani. Mdogo alilia kwa sababu kiatu chake kilidondoka, na kila mtu alijua kwamba kilio siku hiyo ni aibu ya mjomba. Shemeji wa Mama akamwambia Mjomba, "Mjomba mtu, ungetuambia mapema, tungewabeba tangu jandoni." Watu wakaangua kicheko. Mjomba alibaki ameshika usukani. Hakushuka mpaka walipofika juu.

Anselmo akalala topeni na shati lake la sikukuu, akaingia chini ya gari. Akasema, "Mzee, propela ya mbele haipo."

"Haipo imekwenda wapi?"

"Sijui, mzee. Mimi chini sikuangalia. Uliniambia karatasi imesomwa."

"Imesomwa ndiyo! Na kila kitu kilikuwepo! Gari limelala kwako siku tatu, kijana. Siku tatu!" Kisha Mjomba akanigeukia. "Mwanaheri. Karatasi ilisemaje? Ipo au haipo?"

Kaka yako alikuwa bado yuko chini, kichwa tu kimetokeza, uso wote tope. Akanitazama. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo, Bibiana. Alinitazama kama mtu aliyenyoosha mkono akijua atavutwa.

Nikasema, "Ilikuwepo."

Sikukaa kimya tu, kama unavyodhani. Nilisema. Nilimfanya mwizi kwa neno moja, kisha nikampisha Bibi apite, nikamshikia mkoba wake.

Baada ya hapo nilishindwa kukutumia karatasi, kwa sababu wewe ni dada yake. Ningemtumia mtu yeyote isipokuwa wewe, na mtu mwingine sina.

Nisomee. Kisha unichukie.

Mwanaheri


Ndanda
17 Januari 2025

Mwanaheri,

Ukurasa wa kwanza unataja rangi, mwaka na kilomita. Matairi yamekwisha nusu. Maneno mawili ya "nzuri" uliyoyaona, moja ni la viti na jingine ni la redio.

Ukurasa wa pili, mstari wa nne, nakutafsiria kama ulivyo: "Propela ya mbele imetolewa na kufungwa kwenye gari jingine la mradi. Gari hili linasukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake. Halifai kwa milima na tope mpaka litakapofungwa nyingine. Bei imepunguzwa kwa sababu hiyo." Chini kuna sahihi ya Bwana Amon na ya Mjomba wako.

Kwa hiyo hakuna aliyewadanganya. Muuzaji aliandika kila kitu na akawaambia msome. Katika jambo lote hili mwongo ni mmoja.

Jana nilikaa na karatasi hii mfukoni siku nzima. Ningeweza kumpa Mama Furaha aipeleke Chiwata, na leo hii Anselmo angekuwa ametoka kwenye tuhuma. Sista mlezi aliniuliza kwa nini nguruwe hawajala. Nikamwambia ninaumwa tumbo. Unaona, nami nimeanza.

Sikuipeleka kwa sababu karatasi peke yake haitatosha. Mjomba wako atasema tumeitafsiri tunavyotaka, sisi ni familia ya mshtakiwa. Na kwa sababu nyingine. Ulisema "ilikuwepo" mbele ya watu, kwa mdomo wako. Mdomo huohuo ndio uliondoe neno hilo.

Uliniomba siri, nami nimeitunza mpaka imemla kaka yangu. Nakurudishia karatasi. Jumamosi ni tarehe ishirini na tano. Kabla ya hapo sitaki barua yako.

B.


Mkuti, Masasi
3 Februari 2025

Bibiana,

Nimesema.

Wiki ile ya mwisho nilitaka kusema Jumanne, nikashindwa. Nikataka Jumatano. Alhamisi matokeo ya kidato cha nne yakatoka, na jirani akayafungua kwenye simu uwanjani kwetu, kila mtu amesimama. Kiingereza nimepata F. Nilifikiri sasa siri imejifichua yenyewe, nami nimepona bila kufungua mdomo. Unajua Mjomba alisemaje? Alisema, "Wamekosea kusahihisha hawa! Mtoto aliyesoma karatasi ya gari kurasa mbili bila kukwama! Tutakata rufaa." Mama akaitikia, "Tutakata." Hapo ndipo nilipoona kwamba hakuna kitu chochote duniani kitakachosema kwa niaba yangu.

Jumamosi asubuhi Mjomba alikuwa ameshavaa kofia na kanzu ya kwenda polisi. Mama yako na Anselmo wakaingia, wametoka Chiwata alfajiri. Mama yako alipiga magoti kabla hata hajakaribishwa. "Shikamoo, Mzee Mrisho. Nimekuja kukuomba. Mwanangu anasema hakuchukua, lakini kama ni kulipa, tutalipa taratibu."

"Marahaba, Mama Anselmo. Simama. Wewe sina ugomvi na wewe."

Anselmo akasema, "Mama, simama. Siwezi kulipa nisichochukua."

Nilikuwa mlangoni na birika la chai. Nikaliweka chini kwa sababu lilikuwa linanimwagikia. Nikaenda chumbani nikachukua karatasi na barua yako, nikarudi, nikasema, "Mjomba, naomba nisome."

Nilisoma ule mstari wako wa Kiswahili, wote. Sauti haikutoka vizuri, Mama akasema nirudie. Nikarudia.

Mjomba akauliza, "Umelijua hili tangu lini?"

"Wiki iliyopita. Bibiana ndiye aliyenisomea."

"Na siku ile ya kununua?"

"Siku ile sikusoma. Sijui Kiingereza, Mjomba. Nilipitisha macho. Nilihesabu mpaka sitini."

Mama akakaa chini ghafla, hakuangalia kama kuna kiti. Mama yako akajifunika uso kwa kanga, sijui alikuwa analia au anashukuru. Anselmo alisimama tu. Halafu akasema, taratibu kabisa, "Mlimani nilikutazama, Mwanaheri." Akaongeza, "Nitakusamehe. Lakini si leo."

Mjomba akaichukua karatasi mkononi mwangu. Aliitazama muda mrefu sana, kisha akatoka nayo barazani. Alipokuwa anapita niliona kile chuma cha kubania, kinachokaa juu, kiko chini. Alikuwa ameishika kichwachini.

Jioni alimtuma mtoto wa jirani aniite kwenye gari. Alikuwa amekaa kwenye usukani, vioo vimefungwa. Nikaingia kiti cha pembeni. Nilijua atanipiga au atanifukuza, na nilikuwa tayari kwa lolote kati ya hayo mawili.

Akauliza, "Ulihesabu mpaka sitini?"

"Ndiyo, Mjomba."

Alikuwa anafungua na kufunga kile kifriji. Kisha akasema, "Mimi huhesabu mpaka mia."

Sikuelewa mara moja.

"Karatasi za chama," akasema. "Za benki. Za ghala. Naangalia wenzangu, wakigeuza nageuza. Hakuna miwani Chiwata, Mwanaheri. Sijawahi kuwa na miwani."

Nilikaa pale nikitazama mikono yake. Niliwaza siku ile sebuleni, sisi wawili tumeshika karatasi moja, kila mmoja anamtegemea mwenzake ajue. Akaniambia, "Hata marehemu mke wangu hakujua. Usimwambie mtu." Alikuwa anaona aibu mbele yangu mimi, mtoto, mwongo. Nilitamani angenipiga.

Kesho yake alikwenda Chiwata kwenu, nikafuatana naye. Shangingi lilifika chini ya mlima likagoma, kama karatasi ilivyosema. Tukaliacha hapo tukapanda kwa miguu, yeye na kanzu yake, akipumzika kila kona. Wapita njia walimpa pole ya gari, naye aliwajibu, "Gari halina kosa." Mbele ya Mama yako, na majirani walioitwa makusudi, alisema Anselmo si mwizi na kwamba yeye Mrisho ndiye aliyemzuia kijana asifanye kazi yake. Kisha akanipisha, nami nikasema langu, mbele ya yule mwanamke wa kapu pia. Nilisema kwa sauti ya chini lakini nilisema lote, na "ilikuwepo" yangu nikaitaja kwa jina. Mama yako alitupa maji ya kunywa. Chakula hakutupa, na sikutegemea.

Mwenye gereji amemwita Anselmo arudi. Mwenyewe Anselmo amesema atafikiria. Wakati tunaondoka alimwambia Mjomba kwamba akipata propela iliyotumika atakuja kuifunga, ila safari hii atalala chini kwanza, shati lichafuke lisichafuke.

Mama haongei nami. Anapika, anapakua, anasukuma sahani. Watoto wa Mkuti wamenipa jina, nikipita wanaitana, "Iko sawa!" na wengine wanajibu, "Yote!" Sikimbilii jikoni. Nataka kukimbia, ila nimeamua nitembee.

Siri yangu ile ya Desemba nakuomba usiitunze tena. Mwambie Sista mlezi, waambie wale wenzako wanane, mwambie yeyote atakayeuliza kwa nini kaka yako alisimama mwezi mzima bila kazi. Ulikuwa umenibebea kitu kisichokuwa chako.

Lakini hii ya Mjomba ni nyingine. Uliniuliza alishindwaje kuisoma mwenyewe, na ukasema hujui kama utaweza kumsalimia tena. Nimekujibu kwa sababu hiyo tu, na ninajua kwamba kwa kukujibu nimeshavunja neno nililompa. Anselmo hajui. Mama hajui, naye ni ndugu yake wa tumbo moja. Kila saa kumi jioni tunakaa ndani ya gari na daftari la mwandiko, mimi namfundisha herufi, vioo vimefungwa, na nje watu wanadhani tunasikiliza redio. Tunaifungulia kweli, ili wasisikie. Redio ni nzuri, kama karatasi ilivyosema. Tumefika M. Ameiandika mara ishirini kwa sababu ndiyo ya jina lake, na kila mara anafunika daftari kwa kiganja mtu akipita.

Hii, Bibiana, nakuomba uifiche. Ukimaliza kuisoma ichome. Na siku moja ukikutana naye njiani, msalimie tu.

Mwanaheri